Kupiga na Kupika: Pigo la Mieleka ya Maonyesho na Majina Yake katika Mpaka wa Bwera

Ikisiri

Mieleka ya maonyesho, yaani ile ambayo wachezaji wake hujua mshindi kabla ya kuingia ulingoni, iliwafikia wasemaji wa Kiswahili wa magharibi mwa Uganda kwa njia mbili: runinga na vibanda vya video kutoka upande wa Kampala, na mchezo uitwao kachi kutoka Kongo. Makala hii inafuatilia historia ya sehemu moja tu ya mchezo huo, nayo ni pigo: kofi, ngumi, teke na kiwiko. Inadai kwamba pigo liliingia katika mieleka kwa kuchelewa, kwamba jina la Kiswahili la mchezo halikuwa na nafasi yake, na kwamba hata hivyo sarufi ya Kiswahili hulieleza pigo hilo vizuri kuliko maneno “kweli” na “feki” yanayotumiwa mara nyingi. Mji wa Bwera umechaguliwa kwa sababu njia zile mbili hukutana hapo, na kwa sababu pigo hapo si neno jepesi.

1. Utangulizi

Bwera ni mji mdogo wa wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Mwendo mfupi kutoka hapo kipo kituo cha mpakani cha Mpondwe, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule hawahitaji mkalimani, kwa kuwa Lhukonzo na Kinande ni ndugu wa karibu mno. Kiswahili huingia kati pale anapotokea mtu wa mbali: dereva wa lori aliyetoka Mombasa, mchuuzi aliyeshuka kutoka Bunia au Goma, askari wa nchi yoyote ile. Kwa hiyo Kiswahili cha Bwera si kimoja. Kipo kile kilichopanda kutoka pwani kupitia Nairobi na Kampala, na kipo kile kilichozunguka kwa njia ya Katanga, Maniema na Kivu kikaja kuingia Uganda kwa mlango wa nyuma.

Mieleka ya maonyesho nayo ilipita njia hizo hizo. Mtu wa Kampala huiita kwa jina la Kiingereza alilolisikia kwenye runinga. Mtu wa Kongo huiita kachi, neno ambalo Wafaransa na Wabelgiji walilichukua kutoka mtindo wa mieleka wa Lancashire, Uingereza, uliomruhusu mchezaji kumshika mwenzake popote awezapo. Hivyo maneno mawili ya Kiingereza yanakutana Mpondwe, moja likiwa limekuja moja kwa moja na jingine likiwa limezungukia Paris na Brussels. Yote mawili yanataja kushika na kushikana. Neno la Kiswahili, mieleka, linataja kuanguka. Hakuna hata moja linalotaja kupiga, ilhali mtazamaji wa leo akiulizwa alichokiona atasimulia kwanza makofi na mateke.

2. Mchezo wa kuanguka

Kiswahili kiliigawa michezo ya kupambana kwa uangalifu. Kupigana kwa mikono iliyokunjwa ni ngumi, masumbwi au ndondi, kutegemea msemaji ametoka Tanzania au Kenya. Kushikana na kuangushana ni mieleka. Mpaka kati ya makundi haya ulikuwa thabiti: katika mieleka ya vijana mchangani, anayerusha ngumi ameacha kucheza na ameanza kugombana. Waganda nao wana mgawanyo kama huo kati ya ekigwo, mchezo wa kuangushana, na ebikonde, yaani ngumi, neno ambalo msemaji wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa ni jamaa ya konde.

Jambo la kuvutia zaidi limo katika umoja wa neno lenyewe. “Alimpiga mweleka” maana yake ni kwamba alimwangusha mwenzake. “Alipiga mweleka” maana yake ni kwamba yeye mwenyewe alianguka, na magazeti huandika kuwa hata basi limepiga mweleka likipinduka barabarani. Kitenzi ni kile kile na nomino ni ile ile; kiambishi kimoja cha mtendwa ndicho kinachoamua nani yuko chini. Lugha nyingine huhitaji vitenzi viwili tofauti hapa. Jambo hili litarudi baadaye, kwa sababu mieleka ya maonyesho imejengwa juu ya utata huo huo.

3. Pigo lilivyoingia ulingoni

Mwanzoni mwa karne ya 20 mieleka ya kulipwa ya Marekani na Ulaya ilikuwa bado ni kazi ya kushika. Frank Gotch wa Iowa alipokutana na George Hackenschmidt, mzaliwa wa Estonia, mjini Chicago mwaka 1908, pambano lao lilidumu kama saa mbili, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa ya kusukumana na kushikana. Walikutana tena mjini humo humo mwaka 1911. Kwa mjuzi, kushikana huko kulikuwa na utamu wake. Kwa mtu aliyelipa kiingilio akakaa safu ya arobaini, walikuwa ni wanaume wawili waliolaliana.

Hapa ndipo palipo chanzo cha pigo. Mshiko hauonekani kutoka mbali na hauna sauti, lakini pigo lina vyote viwili. Katika miaka ya 1920 Ed Lewis, Toots Mondt na Billy Sandow waliufupisha muda wa mapambano na kuyatia kasi. Mwaka 1929 Gus Sonnenberg, aliyekuwa mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, alimshinda Lewis mjini Boston kwa kumrukia kichwa mbele, jambo ambalo wakongwe hawakulihesabu kuwa ni mieleka hata kidogo. Umati ulilihesabu, na umati ndio uliokuwa ukilipa.

Kisha ikaja runinga. Nchini Japani mwaka 1954, Rikidozan, mzaliwa wa Korea, aliwapiga Wakanada wawili, ndugu Sharpe, kwa ukingo wa kiganja kifuani, huku watu wakiwa wamejazana mitaani mbele ya runinga zilizowekwa hadharani. Vita vilikuwa vimekwisha miaka tisa tu iliyopita na Japani ilikuwa imeshindwa. Hakuna mshiko ambao ungeweza kubeba maana iliyobebwa na kofi lile.

Ulinganisho wa Senegal unafaa kutajwa kwa ufupi. Huko, mieleka ya jadi iligawanyika katika karne hiyo hiyo kuwa ya aina mbili, isiyo na kupiga na yenye kupiga, na aina ya pili ndiyo iliyokua katika maonyesho ya kulipiwa ya Dakar mpaka ikajaza viwanja. Pale mapigo ni ya kweli na mshindi hajulikani mapema. Hata hivyo sababu inafanana: palipo na tiketi, pigo hufuata.

Mwaka 1989 wakuu wa kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani walikiri mbele ya watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba shughuli yao ni burudani na si mashindano. Walikuwa wakitafuta nafuu ya kodi na kanuni za michezo. Tangu siku hiyo swali la mshindi lilikwisha, likabaki swali gumu zaidi: kama mshindi amepangwa, pigo lenyewe ni kitu gani?

4. Pigo linavyotengenezwa

Kofi la kifuani ndilo mfano ulio wazi zaidi. Mpigaji hufungua kiganja, huzungusha mkono kutoka begani, na kumpiga mwenzake kwa mgongo au ukingo wa kiganja juu ya misuli ya kifua, chini ya mitulinga. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Juu kidogo lipo koo, ambalo pigo jepesi tu laweza kuliumiza vibaya. Chini kidogo ipo chembe ya moyo. Katikati ipo nyama nene yenye ngozi iliyovutika, na ngozi hiyo hulia. Anayepigwa hukitoa kifua mbele, huinua kidevu na kugeuza uso kando ili vidole visimfikie machoni, na hutoa pumzi pigo linapotua. Kofi hili halifichi kitu. Linauma, na baada ya makofi kumi kifua huwa kimevimba na kuonyesha alama za vidole.

Ngumi ni kinyume chake. Kwa kanuni za kale za mchezo wenyewe, ngumi iliyokunjwa ni kosa, na mwamuzi hukemea kila inaporushwa, akikemea sana na kuadhibu mara chache. Mpigaji huilegeza ngumi inapokaribia, kigasha kikagusa pale ambapo mkono uliokunjwa ungevunja, na wakati huo huo mguu wake hukanyaga ubao kwa nguvu. Sikio la mtazamaji huunganisha mambo mawili yaliyotokea mahali pawili tofauti. Katika teke la kidevuni hila ni hiyo hiyo, ila sauti hutoka kwenye paja la mpigaji, analolipiga kwa kiganja chake mwenyewe. Katika kiwiko cha kuangukia, mrukaji hutua kwa ubavu na bega lake, mkono ukapita juu ya kifua cha aliyelala. Mzigo mkubwa wa anguko huubeba yeye aliyedhaniwa kuwa ndiye anayeumiza. Wachezaji wengi wa kiwiko hicho huzeeka na nyonga mbovu.

Ulingo nao hushiriki. Chini ya turubai na godoro jembamba zimo mbao zilizolala juu ya fremu ya chuma, na chini ya mbao ni uvungu mtupu. Ni ngoma kubwa iliyolazwa. Neno lenyewe, kwa asili, ni la mkulima: ulingo ni kile kichanja kirefu shambani ambapo mtu hukaa akapiga kelele na kurusha mawe ili kuwafukuza ndege wasile mpunga. Anayelinda shamba juu ya ulingo hashindwi asipomgonga ndege hata mmoja. Kazi yake ni kuonekana na kusikika.

Sasa sarufi. Msemaji wa Kiswahili hupiga ngoma na kupiga mtu, lakini pia hupiga picha, pasi, simu, magoti, mbizi na chafya. Katika mengi ya haya hakuna anayeguswa, na hakuna anayedhani kwamba aliyepiga magoti amedanganya. Piga hutaja tendo la ghafla lenye umbo na aghalabu lenye sauti. Nomino inayofuata ndiyo inayosema ni tendo gani. Kwa hiyo “amempiga teke” ulingoni ni sentensi ya kweli hata kama unyayo ulipita sentimita mbili mbele ya kidevu, kwa maana kilichofanyika ni teke kamili, lenye mwanzo, kilele na mlio.

Upande wa pili wa tendo ndio ulio mgumu zaidi, na hapo mnyambuliko wa kitenzi una msaada. Kuna aliyeanguka, kuna aliyeangushwa, na kuna aliyejiangusha. Katika mpira wa miguu, kujiangusha ni ulaghai unaostahili kadi ya njano. Katika mieleka ya maonyesho ni nusu ya ufundi, na pengine ni zaidi ya nusu. Mpokeaji wa pigo hujiangusha kwa namna inayomfanya mtazamaji amwone ameangushwa, huku kwa hesabu za mwili wake akihakikisha kwamba hakuanguka tu. Kidevu hubanwa kifuani ili kisogo kisigonge, mikono hutanuliwa ikapiga ubao kwa viganja, na mgongo wa juu hutua kwanza ukiwa bapa. Kauli tatu za kitenzi kimoja hutendeka kwa pamoja. Ndiyo maana “kupokea pigo” ni istilahi bora kuliko “kupigwa”: anayepokea ana mikono.

Kwa sababu hiyo hiyo istilahi “pigo feki”, iliyozoeleka katika mazungumzo ya mijini, haifai katika uchambuzi. Feki ni kitu kinachojidai kuwa kingine kwa lengo la kumwibia mnunuzi. Kofi la kifuani halijidai.

Ipo bahati moja ya majina ambayo msemaji wa Kiswahili hawezi kuipita kimya. Tarehe 7 Aprili 2019 mzaliwa wa Ghana, Kofi Kingston, alitwaa taji kuu la kampuni hiyo kubwa ya Marekani. Kwa Waakan, Kofi ni mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa. Kwa Waswahili ni jina la pigo, na kila mtangazaji alilitamka kama kwamba silaha yenyewe ndiyo inayoingia ulingoni. Pigo lake la kumalizia, hata hivyo, ni teke la kuzunguka.

5. Bondia wa Kampala na mwanamieleka wa Tokyo

Uganda nusura iwe na sura yake katika historia hii mapema zaidi. Mwanzoni mwa 1979 Antonio Inoki, mwanafunzi wa Rikidozan, alitangaza kwamba angepambana na Idi Amin mjini Kampala mwezi Juni, na Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Inoki na Ali walikuwa wamekwisha kukutana Tokyo tarehe 26 Juni 1976, katika pambano ambalo Inoki alilala chali kwa sehemu kubwa akimpiga Ali mateke ya miguu. Amin alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda kutoka 1951 hadi 1960, akiwa askari wa King's African Rifles. Kampala haikuliona pambano hilo. Mji uliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na Amin akakimbia.

Kisa hiki hutajwa kama kichekesho, lakini kwa historia ya Kiswahili nchini Uganda kina uzito. Ni Amin aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Lugha hiyo ilikuwa ndiyo ya kambi, ya gwaride na ya amri, na watu wengi waliisikia kwa mara ya kwanza ikitamkwa na mtu mwenye bunduki. Katika miaka ya 1980 misako ya kijeshi ya Kampala ilijulikana kwa maneno mawili ya Kiswahili, panda gari, na waliopandishwa hawakuwa na hakika ya kurudi. Kabla ya hapo Baganda walikuwa wamekwisha kukipinga Kiswahili kwa sababu nyingine, za elimu na heshima ya Luganda, tangu miaka ya 1920. Lakini upinzani wa moyoni, ule ambao marekebisho ya katiba ya 2005 yaliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili hayakuufuta, na ambao uamuzi wa baraza la mawaziri wa Julai 2022 wa kukifundisha shuleni ulikutana nao tena, umetokana na kumbukumbu ya pigo la kweli lililotanguliwa na neno la Kiswahili.

Amin alitaka, kwa muda mfupi, kupanda ulingoni ambapo pigo lingekuwa la maonyesho. Alikuwa amekwisha kuyatoa mengi yasiyo ya maonyesho.

6. Kachi kutoka ng'ambo ya mto

Upande wa Kongo mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kachi ilishika mizizi Kinshasa, na katika miaka ya 1970 Kele Kele Lituka alikuwa nyota wake mkubwa. Baadaye jina la Edingwe lilivuma hata nje ya nchi. Wachezaji hupita mitaani wakiwa wamevaa vinyago na kupaka rangi mwilini, ngoma na tarumbeta zikitangulia, na ulingo hufungwa uwanjani au hata kando ya barabara.

Kinachoitofautisha kachi ya Kongo ni tawi lake la uganga. Mchezaji hutoa hirizi, hupuliza unga, hunyoosha mkono, na mpinzani aliye hatua kadhaa mbali huanguka au huanza kutetemeka bila kuguswa. Wageni wengi wameliandika jambo hili kama ajabu. Kwa mantiki ya pigo la maonyesho si ajabu. Ni hatua yake ya mwisho. Ikiwa ngumi inaweza kupungua mpaka ikawa mguso wa kigasha, na teke likapungua mpaka likawa mlio wa paja, basi mguso wenyewe unaweza kuondolewa, kikabaki kile ambacho siku zote kilikuwa nguzo ya tendo, yaani mpokeaji. Mganga wa ulingoni hana kazi bila mtu aliye tayari kuanguka.

Mjini Bwera kuna jambo la ziada, nalo ni la matamshi. Katika Kiswahili cha Katanga, kama kilivyoelezwa na wanaisimu tangu Polomé katika miaka ya 1960, g ya Kiswahili sanifu huwa k katika maneno kadhaa, na tabia hiyo husikika pia kaskazini, upande wa Kivu. Kupiga huwa kupika. “Alimupika kofi,” atasema msimulizi wa kachi, na msikilizaji aliyejifunza Kiswahili sanifu shuleni Kasese atatafuta sufuria.

Mwalimu wa lugha atalisahihisha hilo kwa kalamu nyekundu, na kwa mtihani atakuwa amefanya vyema. Lakini kwa mchezo huu kosa hilo lina busara kuliko usahihi wake. Kiswahili sanifu chenyewe husema matokeo yamepikwa, takwimu zimepikwa, watu wanapika majungu. Kupika ni kuandaa kitu mahali pa faragha kabla ya kukileta mbele za watu. Pigo la maonyesho hupikwa hasa: wawili hukubaliana chumbani nani atapiga, nani atapokea, na mara ngapi, kisha hulipakua ulingoni likiwa moto. Na chakula kilichopikwa si chakula bandia. Hakuna mofimu katika Kiswahili sanifu inayoweza kuunganisha kupiga na kupika kwa ustadi ambao mpaka wa Lhubiriha umeuunganisha kwa ajali ya konsonanti moja.

Upande wa Uganda, kazi ya kulitia pigo maneno ilifanywa na wafasiri wa vibanda vya video, wale waitwao VJ, ambao huketi na kipaza sauti wakasimulia filamu za kigeni papo hapo, kwa Luganda zaidi. VJ hafasiri tu mazungumzo. Palipo na pigo, huongeza sauti, jina, kejeli na wakati mwingine huruma. Ni fani jirani na utangazaji wa mieleka, na inastahili kuchunguzwa na wanafasihi simulizi kwa bidii kuliko ilivyo sasa.

7. Pigo katika Bwera

Katika Kiswahili pigo ni msiba pia. Mtu aliyefiwa amepata pigo. Kijiji kilichochomwa kimepata pigo. Bwera imelijua neno hilo kwa maana zake zote. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walifanya shambulio lao la kwanza kubwa papo hapo Mpondwe. Novemba 2016 majeshi ya serikali yaliishambulia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 wakafa. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo, mtoto wa miaka mitano akawa mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa nchini Uganda katika mlipuko huo, na kituo cha matibabu kikawa Bwera. Watu waliacha kupeana mikono. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 ADF walirudi, safari hii katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, na kuua watu 42, wengi wao wanafunzi.

Kwa hiyo yule anayesema kwamba mtazamaji wa mieleka katika mji kama huu “hadanganyiki” au “anadanganyika” anauliza swali lisilo na maana hapo. Watu waliohesabu maiti za watoto wa shule hawahitaji kufundishwa tofauti kati ya pigo na pigo. Kinachoonyeshwa ulingoni ni mtu mwenye uwezo wa kumvunja mwenzake, mbele ya umati unaomshangilia avunje, naye anapima mkono wake kwa sentimita ili mwenzake aamke. Katika wilaya hii hilo si jambo la kawaida kulitazama. Baada ya anguko zito wachezaji hubanana kiganja kwa siri, mmoja akiuliza na mwingine akijibu kwamba yu mzima. Watazamaji hawatakiwi kuona.

Mwaka huo huo wa 2023, mjini Mukono, mashariki mwa Kampala, Daniel Bumba ajulikanaye kama Bumbash alianzisha kundi la vijana wa mieleka ya maonyesho katika ulingo usio na mbao wala chuma. Nguzo ni za mianzi, kamba zimezungushwa, na sakafu ni udongo uliolowanishwa ukawa tope. Video zao zilienea duniani kwa haraka. Fedha za ulingo wa kawaida hazikuwapo, na tope ni laini: laweza kumpokea kijana wa kiume au wa kike anayejifunza kuanguka bila kumvunja shingo.

Lakini tope limebadilisha pigo. Ngoma iliyokuwa chini ya miguu haipo, na mguu ukikanyaga wakati wa ngumi hautoi mlio. Sauti lazima itoke kwenye ngozi, kwenye paja, kwenye kinywa cha mpokeaji, au kwa mtangazaji. Hapo Kiswahili kina hazina iliyo tayari. Tanakali zake hutenganisha maanguko kwa kutazama palipoangukiwa: kitu kizito sakafuni huanguka pu, mchangani tifu, majini chubwi. Kwa matope lipo neno la peke yake, tapwi, ambalo vitabu vya mazoezi vya shule za msingi za Kenya hulifundisha pamoja na wenzake katika orodha, kwa watoto ambao wengi wao hawajapata kumwona mtu akianguka matopeni kwa hiari yake na watu wakamshangilia.